Mukwe Hamwambii Mama Kwamba Amekosea

Mama yangu alianguka mtihani wa serikali kwa sababu ya teritware. Nalisema hili mwanzoni kabisa ili mtu asije akadhani aliangushwa na hesabu au Kifaransa. Hesabu alipita. Kifaransa alipita, tena vizuri. Kilichomwangusha ni sehemu ya siasa, na ndani ya siasa ni swali moja kubwa alilolijibu kwa hasira badala ya kulijibu kwa kitabu.

Swali liliuliza ni ngazi zipi za utawala zinazojitawala, zenye baraza lao na mfuko wao, na ni zipi ambazo ni mkono tu wa serikali ya juu. Mama akaandika kwamba teritware, yaani wilaya, inajitawala na sekteri, ngazi ndogo iliyo chini yake, ni mkono tu. Ni kinyume. Vitabu vyote vinasema kinyume. Lakini mama hakuandika kutoka kitabuni, aliandika kutoka dirishani. Pale ofisini kwake, biro ya sekteri, anapoandika vyeti vya kuzaliwa tangu mimi nikiwa mgongoni, anaiona biro ya teritware ng'ambo ya barabara: bendera mpya, askari mlangoni, gari limeegeshwa. Kwao sekteri mvua ikinyesha wanahamisha meza. Sasa utamwambiaje mtu kama huyo kwamba mwenye paa linalovuja ndiye anayejitawala? Hata mimi ningekosea.

Miaka yote hiyo mama yangu, Mama Régina, alifanya kazi bila matrikile, yaani ile namba ya serikali inayomfanya mtu ahesabiwe kuwa mfanyakazi wa kweli. Asiyekuwa nayo anapokea chochote mkubwa wake anachomkatia, na anasema asante. Mtihani ndio mlango pekee wa kuipata. Na mwaka huu ilisemekana kwamba watu wa umri wa mama wanaitwa kwa mara ya mwisho. Baba alishakufa, kwa hiyo nyumba yetu ilisimama juu ya biro ile inayovuja na juu ya masini yangu ya kushonea.

Ndivyo mwalimu Gédéon alivyoingia nyumbani kwetu. Ni mtoto wa mji wa Kasongo, amesoma mambo ya siasa na utawala, akapata kazi ya kufundisha uraia katika shule ya sekondari hapa Kabambare. Kulikuwa na mwalimu mwingine wa somo hilo, ila aliacha chaki akaenda Salamabila kutafuta dhahabu, na mpaka leo hatujasikia kama aliipata. Mama alimwomba Gédéon mlangoni mwa kanisa, mbele ya watu, ili asipate njia ya kukataa.

Alikuja kila alasiri shule ikifungwa, na Jumapili baada ya ibada. Yeye na mama walikaa benchi moja, kitabu katikati yao, na mimi nilikuwa mlangoni na masini yangu kwa sababu mwanga mzuri uko mlangoni. Gédéon anasema nilikuwa na sababu nyingine. Tusibishane.

Ukimtazama haraka hana la ajabu. Mwembamba, kola imepigwa pasi, vidole vina chaki hata siku asiyofundisha. Lakini alikuwa na subira ambayo sijawahi kuiona kwa mwanaume. Mama alibishana naye kila kifungu. Aliuliza kwa nini gavana wa jimbo achaguliwe na madepite, wale wabunge wa jimbo, na si na sisi tunaotembea kwenye barabara zake. Aliuliza kama madepite wenyewe walishafika kijijini Lusangi wakati wa mvua. Gédéon alimsikiliza mpaka mwisho, akafumba macho kidogo, kisha akasema polepole, "Mama, unasema ukweli. Lakini mutihani haiulize ukweli, inauliza Katiba. Hapa umekosea." Na mama, ambaye hakuna mtu Kabambare aliyethubutu kumwambia amekosea, alikuwa anacheka na kuandika upya.

Nadhani nilimpenda kwa ajili ya neno hilo. Lilitoka kinywani mwake bila kumuumiza mtu. Baadaye nikaanza kupenda na mengine: jinsi alivyokuwa anainua macho kutoka kitabuni kila mara uzi wangu ulipokatika, jinsi alivyosema "Naomie" kana kwamba jina hilo halijaitwa na mtu kabla yake. Alianza kuleta nguo za kushonwa. Kwanza suruali ilipasuka, halafu shati likapoteza vifungo, halafu suruali ile ile ikapasuka mahali pengine. Nikamwambia kwamba mwanaume anayepasua nguo hivyo ama anapanda miti ama ana wembe nyumbani. Alikubali ana wembe.

Basi tukapendana, kimya kimya, kama watu wenye adabu. Nikawa nasubiri jambo moja tu: alete wazee wake. Sikusubiri kwa utulivu. Kila Jumapili nilifagia uwanja mara mbili.

Siku moja ya soko, somo lilipokwisha, nilimsindikiza mpaka daraja la miti linalovuka kijito chetu. Jua lilikuwa limelegea, watu wanarudi na vikapu vitupu. Nikamuuliza bila kuzunguka.

"Gédéon, watu wako watakuja lini?"

Alitazama maji. "Nyuma ya mutihani."

"Kwako kila kitu ni nyuma ya mutihani. Mimi niko nani, swali la tatu?"

Alicheka. Mimi sikucheka. Nilimwambia kwamba Jumapili inayokuja baba mdogo François, mdogo wa marehemu baba, analeta wageni kutoka Salamabila. Wanakuja kusema kwa ajili ya Placide, kijana anayeuza vipuri vya pikipiki. Baba mdogo alishakubali moyoni, alitaka tu mama atie neno lake. Kuhusu mwalimu alikuwa anasema kwamba mtu wa Kasongo atanihamisha, na kwamba mwanaume anayeishi kwa chaki atawalisha watoto vumbi.

Nisimseme vibaya Placide. Ana heshima, ana kazi, na siku moja mkanda wa masini yangu ulipokatika alinifungia mwingine bila kuombwa. Mwanamke mwingine angeimba. Mimi nilimshukuru, akaondoka, nikasahau kwamba alikuja. Huwezi kuolewa na mtu unayemsahau akiwa bado hajafika barabarani.

Gédéon alisikia yote, na uso wake ukabadilika. Akaketi kwenye ukingo wa daraja kama mtu aliyeambiwa msiba. Kisha akanieleza, na ndipo nilipojua alichokuwa anakibeba wakati mimi namdhania ni mwoga.

"Nikileta wazee wangu leo," alisema, "tangu kesho mama yako ni mamamukwe wangu. Siwezi kukaa benchi moja naye. Siwezi kumuangalia kwa macho. Na mukwe gani anamuambia mamamukwe kama amekosea?"

Kwetu ndivyo ilivyo, na sijui kama kwenu pia. Siku wazee wa kijana wanapotia mguu na kusema shida yao, kijana yule na mama wa msichana hawatazamani tena. Hawali pamoja, hawaitani kwa jina, wakikutana njiani mmoja anaingia majanini mpaka mwenzake apite. Hawachukiani, ni heshima. Inaendelea hivyo mpaka siku ya mahari, pale kijana anapoleta mbuzi wa kufungua macho. Na mbuzi huyo haji kabla ya wazee kukaa mara nyingi na kubishana sana, hata kama wote wanapendana.

Nilimwambia mama atasoma peke yake. Akaniuliza kama kweli naamini hivyo, kwamba mama akiachwa peke yake na swali la teritware hataandika tena kutoka dirishani. Sote wawili tulimjua mama.

"Alianguka mara moja," akasema. "Akianguka tena sababu nilikuwa na haraka ya kuoa, wewe mwenyewe utaniangalia kwa meza miaka yote, na hautasema kitu. Mimi nitajua."

"Na kama Jumapili baba mudogo akitoa neno?"

"Hiyo ndiyo sijui."

Nilikasirika sana, na kilichonichoma zaidi ni kwamba alikuwa na haki. Angekuwa mwongo ningemsukuma majini nikarudi nyumbani nikiwa nimepona. Aliniapisha nisimwambie mama, kwa sababu mama akijua angemfukuza kwenye benchi siku hiyo hiyo. Nikaapa. Kisha nikageuka niondoke, naye akanishika mkono, mchana kweupe, watu wa soko wakipita.

"Nakupenda, Naomie," akasema. "Hii haiko ya nyuma ya mutihani."

Nilirudi nyumbani nalia na nacheka, na chaki kwenye mkono.

Zile siku zilizofuata sikumbuki nilishona nini. Najua tu kwamba nilishona mfuko wa koti kwa nje na mwenye koti akalipokea kwa upole. Gédéon alifundisha kama kawaida. Bunge, Seneti, mahakama. Mama alijibu vizuri kila kitu ila teritware. Akifika hapo alikaza midomo, akajibu kama kitabu kinavyotaka, kisha akaongeza chini ya pumzi maneno ya Kibangubangu ambayo sitayaandika.

Jumapili ikafika. Baba mdogo François alikuja na viatu vya ibada, na pamoja naye Mzee Assumani, tajiri wa Salamabila ambaye Placide anafanya kazi chini yake. Mzee Assumani ni Mwislamu mwenye sauti ndogo na maneno machache, na nilimpenda mara moja, jambo ambalo lilinizidishia huzuni. Mama aliketi kwenye benchi lile lile la masomo. Mimi niliwekwa pembeni kwenye mkeka, macho chini, kama inavyopaswa.

Mzee Assumani alisema vizuri. Alisema wamepita wakaona ua zuri katika uwanja huu, wakauliza mwenyewe ni nani. Alisema habari za kijana wake bila kumpamba. Kisha akauliza lile swali ambalo lazima liulizwe, kwa sababu kwetu mtu haingizi mguu palipo na mguu wa mwingine.

"Kuna mutu mwenye alishatangulia kusema kwa ajili ya huyu mutoto?"

"Hakuna," baba mdogo akajibu haraka.

"Mama yake pia aseme," akasema Mzee Assumani.

Na kweli hakuna aliyekuwa amesema. Mama si mtu wa kudanganya mbele ya wageni. Nilimwona anakunja pindo la kitenge chake na kulikunjua.

Hapo hapo Gédéon akatokea mlangoni. Ilikuwa saa ya somo, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa. Mimi peke yangu niliona kwamba amevaa koti, na kwamba mikononi hana kitabu. Nilielewa. Alikuwa amekuja kusema. Amekuja peke yake, bila mzee, bila mjomba, kinyume cha kila utaratibu, na baba mdogo angemkataa kabla sentensi haijafika mwisho. Kijana anayejisemea mwenyewe hapewi hata maji.

Baba mdogo alimwambia kwa ukali wa heshima kwamba leo hakuna masomo. Gédéon akavuta pumzi. Akafungua kinywa.

Mama akasimama.

Alichukua kitenge chake cha pili kilichokuwa begani, akakitandaza juu ya kichwa mpaka kikafunika uso. Akamgeuzia Gédéon mgongo. Kisha akatembea ubavu ubavu wa ukuta, taratibu, akijihadhari hata kivuli chake kisiguse cha yule kijana, akatoka kwa mlango wa nyuma kwenda jikoni.

Gédéon alibaki na kinywa wazi, halafu akafanya kile ambacho damu yake ilimfundisha kabla ya akili. Aliinamisha kichwa, akarudi nyuma, akatoka nje ya mlango akasimama pale ambapo mama hawezi kumwona.

Mzee Assumani alikuwa wa kwanza kusema. Alivaa kofia yake.

"François, ndugu yangu," alisema, "kumbe hapa muko na mukwe tayari."

Baba mdogo alijaribu. Alisema hajui kitu, hakuna mtu aliyesema, hakuna hata jembe la uchumba lililoletwa. Mzee Assumani akamjibu kwa upole kwamba mama hafunikii uso mtu wa bure, na kwamba yeye atamweleza Placide vizuri, kijana hatakosa mchumba. Aliniaga hata mimi. Alipopita nje nilimsikia anamsalimu Gédéon na kumwambia awahi kuleta wazee, kwa sababu ameshachelewa.

Nilikimbia jikoni. Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda, kitenge kimerudi begani, anapepeta mchele kana kwamba siku ni kama siku nyingine. Nilipiga magoti. Sikujua nianze na asante au na msamaha, nikaanza na swali la kijinga. Nilimuuliza amejuaje.

"Mutoto wangu," alisema, "masini yako ilikuwa inanyamaza kila ule mwalimu anafungua kinywa. Ulifikiri masikio yangu ni ya kukariri Katiba tu?"

"Lakini hakuwa amesema, mama. Ungemuacha aseme kwanza."

"Angesema, François angekataa. Neno la kijana linakataliwa. Sasa nguo mwenye mamamukwe ameweka juu ya kichwa, nani atakuja kuitoa?"

Nikamuuliza juu ya mtihani. Hapo mikono yake ilisimama. Alitazama ungo kwa muda, na nikaona kwamba alikuwa amelifikiria jambo hili tangu zamani, pengine tangu kabla sisi wenyewe hatujajua kama tunapendana.

"Bila namba nimeishi," alisema. "Nimekulea bila namba. Nitaishi tena. Wewe ukiishi na mutu mwenye moyo wako haumuoni, hiyo hakuna mutihani wa kuirudilia."

Nililia kwenye mapaja yake, mchele ukaingia kwenye nywele zangu. Alinifukuza kwa sababu namharibia chakula.

Baba mdogo alikuja mlangoni pa jiko akiwa amevimba. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu aliyeaibishwa mbele ya mgeni, na hilo ni gumu kwa mwanaume. Alimuuliza mama kama ameridhika sasa, na nani atamfundisha siasa, maana mwalimu alikuwa mmoja na yeye mwenyewe amejifungia mlango. Mama alivuta ungo karibu. Alianza tena kupepeta.

Jibu nililipata mimi, na sioni aibu kulisema. Nilisimama, nikafuta uso, nikabeba lile benchi la masomo peke yangu mpaka barazani, nikaliweka chini ya dirisha kwa upande wa nje. Gédéon alikuwa bado amesimama uani. Nikamwonyesha aketi. Nikarudi ndani nikaweka kigoda cha mama chini ya dirisha lile lile, kwa upande wa ndani, mgongo kwa ukuta. Kisha nikavuta masini yangu katikati, mlangoni, ambapo nawasikia wote wawili. Desturi inakataza macho, haikatazi masikio.

Siku ile ya kwanza majirani walijaa wakicheka. Gédéon aliniambia mimi swali, nami nikaligeukia ndani. Mama akaniambia jibu, nami nikaligeukia nje. Tatizo lilikuja mama alipokosea. Gédéon hakuweza kulisema neno lile. Alifumba macho, akakohoa, akasema, "Naomie, muambie mama kama... kitabu kinaona mambo kwa njia ingine." Nikapeleka. Mama akaniambia nimwambie mwalimu kwamba kitabu kimekosea. Nikarudisha. Gédéon akashika kichwa.

Nikaona hivyo hatufiki. Tangu hapo kazi ya kusema "umekosea" nikaichukua mimi. Ilinipatia matusi ya kila namna, lakini mama alisahihisha. Kila alasiri masini ilikuwa inalia kati ya swali na jibu, na mimi nikaenda kulala na Seneti kichwani.

Wazee wa Gédéon walifika kutoka Kasongo juma lile lile, wamejaa matope mpaka magotini, wakasema yao. Baba mdogo aliwapokea, kwa sababu kukataa hakuwezekani tena. Ila alikuwa anapita kila alasiri barazani, anakaa mbali kidogo na Gédéon kwenye kiti chake, amenuna, anasikiliza masomo ambayo hakuyaomba. Nadhani alitaka tuone anavyonuna.

Siku moja mama akasema kutoka ndani, kwa sauti iliyozidi ile ya kawaida, "Muambie mwalimu aniulize juu ya ndoa."

Nilimwambia mwalimu. Mwalimu akatazama viatu vyake. Nikarudi nikamwambia mama kwamba mwalimu ana haya.

"Basi nitajiuliza mimi mwenyewe," akasema. "Katiba, kifungu cha makumi ine. Kila mutu iko na haki ya kufunga ndoa na mutu mwenye alichagua yeye mwenyewe, na kujenga jamaa." Akagonga dirisha. "François, umesikia?"

Baba mdogo hakugeuka. Alitafuna kijiti chake cha meno, akatema.

"Nimesikia," akasema. "Na mbuzi iko ku kifungu gani?"

Gédéon ndiye aliyeanza kucheka. Halafu mama ndani, kicheko cha kuvunja mbavu. Mwishoni baba mdogo mwenyewe midomo ilimsaliti, akajifanya anakohoa. Tangu siku ile alisogeza kiti chake karibu na benchi.

Mtihani ulifanyika Kasongo. Mama aliondoka asubuhi kwa pikipiki, kitenge kimefungwa kichwani kwa ajili ya vumbi, kalamu mbili kwenye sidiria. Gédéon ndiye aliyemtafuta dereva, ndiye aliyekagua breki, ndiye aliyemwambia dereva apite wapi pale daraja lilipooza. Lakini mama alipotoka nje kupanda, yeye alikuwa amesimama nyuma ya nyumba, uso ukutani kama mtoto aliyeadhibiwa. Nilimwona midomo yake inatembea. Alikuwa anarudia teritware na sekteri, kana kwamba mama angesikia.

Mama aliporudi alikuwa na matope mpaka kwenye nyusi. Nilimvua viatu, nikamuuliza kuhusu siasa. Alisema kulikuwa na maswali juu ya bunge, juu ya gavana, juu ya haki za raia. Nikamuuliza kama teritware ilikuja. Akatazama dirisha, ambako kwa upande wa pili najua Gédéon alikuwa ameketi ameshika pumzi.

"Hiyo," akasema, "nitamuambia mimi mwenyewe."

Nilimsihi. Gédéon alinituma mara nyingi, akaacha hata chakula. Mama hakutikisika. Majina yalipobandikwa ubaoni, jina lake lilikuwemo, na baba mdogo François ndiye aliyekimbia kutuletea habari, akiita toka barabarani. Namba ya matrikile ingekuja nayo, polepole kama mambo ya serikali, lakini ingekuja. Tulilia, tulicheza, tuliimba nyimbo za kanisa. Hata siku ile mama hakusema alijibu nini. Gédéon alikuwa na furaha na mateso kwa pamoja. Aliniambia usiku anaota teritware.

Ndipo ikafika siku ya mahari. Wazee walibishana kama wazee, walikula, walikubaliana. Mwishoni akaletwa mbuzi wa kufungua macho, jike jeupe lenye kelele, kamba mkononi mwa Gédéon. Mama alitolewa ndani amefunikwa, akawekwa kwenye lile benchi letu. Gédéon akapiga magoti mbele yake, macho chini, akaweka kamba miguuni pake.

Mama akatoa kitenge usoni. Hawakuwa wametazamana tangu ile Jumapili. Watu wote walisogea kusikia neno la kwanza, maana neno hilo hukumbukwa, na kwa kawaida ni baraka.

"Swali ya teritware ilikuja," mama akasema. "Niliandika teritware ni mukono tu. Niliandika sekteri ndiyo inajitawala, hata kama paa yake inavuja. Iliniuma, lakini niliandika." Akasogeza kamba pembeni. "Sasa uko mutoto wangu, niangalie. Leo unaweza kuniambia kama nimekosea."

Gédéon aliinua uso. Machozi yalikuwa yanamtoka mbele ya wazee wake wote, na hakuyafuta.

"Hapana, Mama," akasema. "Haukukosea hata mara moja."